Jackson, mtu wa ndege: Kwale, kware na nyasi zilizo mikononi mwako

Ukitoka Ukunda ukapita Msambweni na Ramisi, kisha ukakata kushoto kuelekea baharini, barabara inakufikisha Shimoni. Unajua watu hufuata nini huko: pango la watumwa, boti ya kwenda Wasini, pomboo wa Kisite, samaki wa kupaka. Ni wachache wanaoshusha macho kwenye nyasi za kando ya njia. Na humo kwenye nyasi ndimo anamoishi ndege aliyeipa kaunti nzima jina lake.

Ndiyo, kwale ni ndege. Ni mkubwa kuliko njiwa, mdogo kuliko kanga, hupenda kukimbia kuliko kuruka, na alfajiri hupiga kelele utadhani kuna ugomvi kichakani. Ana ndugu yake mdogo anayetoshea kwenye kiganja chako, huyo ndiye kware. Kamusi nyingine humwita tomboro, Waluo humwita aluru, Waluhya isindu. Wote wawili ni wa ukoo mmoja na kuku wa nyumbani, na wote wawili hutaga mayai chini, kwenye udongo, mahali ambapo mguu wako, panga lako au trekta lako linaweza kupita bila wewe kujua umefanya nini.

Stori ya leo ni ya mtu aliyetumia zaidi ya miaka 40 akiwatazama ndege hawa na kuandika habari zao. Jina lake ni Frederick John Jackson. Pengine umewahi kulisikia bila kujua, kwa sababu kuna kinyonga wa Jackson, kongoni wa Jackson, hondohondo wa Jackson, na kuna kwale wa Jackson. Alikuwa mwindaji, mtumishi wa kampuni, mtawala wa kikoloni na mwanasayansi, yote kwa pamoja. Usitarajie hadithi ya shujaa. Usitarajie ya jambazi pia. Soma kwanza, halafu uamue mwenyewe.

Kijana wa Yorkshire anatua Lamu

Jackson alizaliwa Februari 17, 1860, katika Oran Hall, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Familia yake ilikuwa na uwezo. Akasoma Durham, kisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Kama vijana wengi wa tabaka lake, alikulia kwenye mashamba ambako kuwinda ndege kwa bunduki kulikuwa sehemu ya malezi, kama vile wewe ulivyokulia kwenye mpira wa mtaani.

Hapo kuna jambo la kulijua mapema. Kule kwao, ndege wa kuwindwa waliishi kwenye mashamba ya watu binafsi. Mwenye shamba ndiye aliyeamua kama wataishi ama wataisha. Aliwaachia vichaka, akawapa msimu wa kutaga bila kusumbuliwa, kisha msimu wa uwindaji ukifika ndipo akawapiga. Hakufanya hivyo kwa huruma, ni hesabu tu. Ukimuua kuku anayelalia mayai, mwaka ujao huna kitu.

Mwaka 1884, akiwa na miaka 24, Jackson alifika Lamu. Hakutumwa na serikali, alikuja kuwinda. Naibu balozi wa Uingereza pale Lamu wakati huo alikuwa John Haggard, ndugu yake Rider Haggard, yule mwandishi wa riwaya za Afrika. Jackson akawinda maeneo ya Lamu, baadaye akaelekea upande wa Kilimanjaro. Tofauti yake na wawindaji wengine wa enzi zile ni kwamba wengi walitafuta pembe za kutundika ukutani. Yeye alitaka pia kujua ndege mdogo asiye na pembe wala bei anakula nini, analala wapi na anataga lini.

Kampuni iliyokodi pwani

Sasa tuje Shimoni. Mwaka 1887, Sultani wa Zanzibar aliwapa Waingereza fulani, wakiongozwa na mfanyabiashara William Mackinnon, haki ya kuendesha ukanda wa pwani kutoka mto Umba, ambao uko karibu na Vanga, hadi Kipini, kule mto Tana unakoingilia baharini. Hebu fikiria hilo. Vanga, Shimoni, Gazi, Msambweni, Diani, Mombasa, Malindi, kote huko kuliwekwa kwenye mkataba mmoja kama duka linalobadilisha meneja. Septemba 1888, Malkia Victoria akaipa kampuni hiyo hati ya kifalme, ikaitwa Imperial British East Africa, au IBEA kwa kifupi.

Shimoni ikawa miongoni mwa vituo vya mwanzo vya kampuni hiyo kwenye pwani ya kusini. Mabaki ya majengo ya enzi ya ukoloni bado yapo kijijini, si mbali na pango.

Jackson aliajiriwa na IBEA mwaka huohuo wa 1888. Mtu aliyekuja kuwinda sasa akawa na mshahara, amri na bendera. Mwaka 1889 akapewa kazi nzito: aongoze msafara kutoka Mombasa hadi maeneo ya Ziwa Victoria, kuifungulia kampuni njia. Aliandamana na Ernest Gedge na Wazungu wengine wachache, lakini usidanganyike na majina hayo machache. Misafara ya aina hii ilibebwa na mamia ya wapagazi, wengi wao wakiajiriwa Mombasa na Zanzibar. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya njiani. Watu wa pwani ndio waliobeba hema, risasi, unga, na baadaye masanduku ya ngozi za ndege. Majina yao hutayapata kwenye vitabu vya ndege kwa urahisi. La Jackson utalipata kila ukurasa.

Barua, bendera na Mlima Elgon

Msafara ulifika kwa Mumia, ambako leo tunapaita Mumias, mwishoni mwa 1889. Pale Jackson akakuta barua za Kabaka Mwanga wa Buganda, aliyekuwa amepinduliwa na sasa alikuwa akitafuta msaada wa kurudi madarakani. Lakini amri za kampuni zilimkataza Jackson kuingia Buganda. Basi akafanya nini? Akaenda zake kaskazini, Mlima Elgon, kuwinda na kukusanya ndege. Februari 1890, yeye na Gedge walipanda mlima huo.

Aliporudi kwa Mumia, akakuta Mjerumani Carl Peters ameshapita, amesoma barua zake na kuchapuka hadi Buganda, ambako aliweka mkataba na Mwanga. Huku mwenzako akisaka ndege mlimani, mpinzani anakuibia mechi! Jackson naye akaenda Buganda, akafika Aprili, lakini mambo yalimalizwa mbali na hapo. Julai 1, 1890, Uingereza na Ujerumani zilitia saini makubaliano Ulaya, na Uganda ikawekwa upande wa Waingereza. Si Mwanga, si Mumia, si mtu yeyote wa Shimoni aliyeulizwa.

Kwa siasa, safari ile ya Elgon ilionekana uzembe. Kwa elimu ya ndege, ilikuwa hazina. Mwaka 1891, wataalamu wa London walipoyachambua makusanyo ya safari hiyo, walikuta ndege ambao hawakuwahi kuandikwa kisayansi. Mmoja wao ni kwale mkubwa wa milimani, mwenye mdomo na miguu myekundu, anayeishi kwenye baridi ya Mlima Kenya, Aberdare, Mau na Cherangani. Wakampa jina la Jackson. Karibu maisha yake yote kwale huyo huyaishi ndani ya Kenya, kwa hiyo tunaweza kusema ni Mkenya mwenye jina la Kizungu. Mwingine ni ndege wa nyasi za nyanda za juu ambaye dume lake, jeusi na lenye mkia mrefu, huruka juu na chini kama mpira ili kuwavutia majike. Yule kinyonga wa pembe tatu alifuata mwaka 1896. Kinyonga huyo leo yuko hadi Hawaii, alikopelekwa mwaka 1972 na kuzaana hadi akawa kero. Kumbuka hilo la Hawaii, tutalirudia.

Njia ile ya magharibi, kwa bahati, ndiyo nchi ya kware. Waluo na Waluhya wana ufundi wao wa zamani wa kumnasa: kware wa kiume huwekwa kwenye vikapu vidogo, vikapu hutundikwa juu ya mti mrefu, na akiita usiku kucha, wenzake wa porini hushuka kwenye mitego iliyotegwa chini. Kwa nini mtego huu hufanya kazi? Kwa sababu kware hufuata mvua. Nyasi zikichipuka na mbegu na wadudu kuongezeka, huja kwa makundi kuzaana, kisha huondoka. Mtegaji anayeijua kalenda hiyo ni mwanasayansi pia, ila hakupewa kitabu wala jina la ndege.

Risasi kifuani, kalamu mkononi

IBEA iliishiwa pesa, na mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua eneo lote. Jackson alikuwa ameshaingia kwenye utumishi wa serikali Uganda. Mwaka 1897 wanajeshi wa Kisudani waliokuwa wakitumikia Waingereza waliasi, wakichoshwa na safari zisizoisha na malipo duni, wakaishika ngome ya Luba huko Busoga. Katika vita vya Oktoba 19, Jackson alipigwa risasi kifuani. Wengi walidhani amekwisha. Akapona, na akaendelea na kazi na ndege wake kwa miaka mingine 30.

Mwaka 1902 akawa naibu wa kamishna wa himaya ya Afrika Mashariki, nchi ambayo sasa ni Kenya. Hapa ndipo stori inakuhusu wewe moja kwa moja, kwa sababu hapa ndipo ardhi inapoanza kugawanywa.

Kamishna Charles Eliot alitaka walowezi Wazungu wajae Bonde la Ufa, na alikuwa tayari kuwapa malisho ya Wamaasai. Jackson akapinga. Alijua nchi ile kwa miguu, si kwa ramani. Alijua ng'ombe wa Wamaasai hawakai mahali pamoja, kwamba nyasi inayoonekana tupu leo ndiyo malisho ya kesho. Mzozo ule ulifika hadi London, na mwaka 1904 Eliot akajiuzulu. Ungedhani Jackson ameshinda. Wapi! Mwaka huohuo Wamaasai walihamishwa kutoka sehemu kubwa ya Bonde la Ufa, na Jackson akabaki ndani ya serikali iliyofanya hivyo, akipanda ngazi.

Na pwani je? Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi za pwani. Kila aliyedai shamba alitakiwa apeleke dai lake na ushahidi. Kilichobaki bila dai kikahesabiwa kuwa cha serikali. Sasa fikiria Mdigo au Mduruma ambaye ardhi yake ni ya ukoo, inayojulikana kwa kaburi la babu na mwembe wa bibi, si kwa karatasi. Wengi walibaki nje. Neno skwota, ambalo bado unalisikia Kwale hadi leo, lina mzizi wake humo. Jackson wakati huo alikuwa naibu gavana. Yule aliyewasemea Wamaasai hakuacha rekodi ya kelele kama ile kwa ajili ya watu wa pwani.

Nimekwambia usitarajie shujaa.

Roosevelt, jumba la makumbusho na kitabu

Aprili 1909, rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alitua Mombasa kwa safari yake maarufu ya uwindaji. Aliyempokea, akiwa kaimu gavana, ni Jackson. Mwaka huohuo, Jackson na wenzake kadhaa walianzisha chama cha wapenda maumbile cha Afrika Mashariki na Uganda. Kutokana na chama hicho kilipatikana chumba kidogo cha makumbusho Nairobi, na chumba kile ndicho kilichokua hadi kuwa Makumbusho ya Taifa unayoyajua. Chama chenyewe bado kipo, leo kinaitwa Nature Kenya, na wanachama wake wengi ni Wakenya.

Mwaka 1911 akateuliwa kuwa gavana wa Uganda, na akakaa huko hadi alipostaafu wakati Vita Vikuu vya Kwanza vikielekea ukingoni. Akarudi Ulaya na maboksi ya ngozi za ndege na madaftari.

Mwaka 1926 alichapisha kitabu cha ndege wa kuwindwa wa Kenya na Uganda. Humo ndimo walimo kwale na kware, pamoja na kanga, bata, tandawala na njiwa. Kwa mtu wa leo, kitabu cha ndege wa kupiga risasi kinasikika vibaya. Lakini mwindaji makini wa aina hiyo alilazimika kujua kitu ambacho mtalii wa picha anaweza kukipita: ndege huyu anataga mwezi gani. Bila hilo, hakuna msimu wa kufunga bunduki, na bila msimu wa kufunga bunduki hakuna ndege.

Jackson alifariki Februari 3, 1929, huko Beaulieu, kusini mwa Ufaransa, akiwa na miaka 68. Kumbukumbu zake za maisha ya Afrika Mashariki zilichapishwa mwaka uliofuata. Kitabu chake kikubwa cha ndege wa Kenya na Uganda, juzuu tatu nzima, alikiacha bila kukimaliza. Mtaalamu W. L. Sclater akakikamilisha, kikatoka mwaka 1938. Kwa miaka mingi, kila aliyetaka kumjua ndege wa nchi hii alianzia hapo.

Kiota kisichoonekana

Sasa tuache vitabu, turudi kwenye nyasi. Ukitaka kujua kwa nini msimu wa kutaga ni muhimu hivyo, jua maisha ya kware wa porini yalivyo.

Jike hukwaruza kijishimo kidogo ardhini katikati ya nyasi, akakitandika majani makavu kidogo. Basi, hiyo ndiyo nyumba. Hakuna mti wala ukuta. Hutaga mayai kadhaa yenye madoa ya rangi ya udongo, na huyalalia kwa wiki mbili na ushei. Muda wote huo ulinzi wake ni mmoja tu: kutulia. Ukipita, hatoki. Atakuacha umkaribie hadi karibu umkanyage, ndipo achomoke kwa kishindo. Ndiyo maana anayefyeka kwa panga au mashine hupita juu ya kiota na kuendelea na kazi, hana habari.

Vifaranga wakianguliwa hawakai kiotani. Siku hiyohiyo wanamfuata mama. Chakula chao cha siku za mwanzo ni wadudu wadogo: panzi wachanga, mchwa, viwavi. Shamba lililopigwa dawa hadi halina mdudu ni sawa na jiko lisilo na unga. Nyasi zikiwa zimebana kama zulia, kifaranga hapenyi. Zikiwa zimefyekwa chini kabisa, mwewe na paka humwona. Anahitaji nyasi za mafungumafungu, juu zimefunika, chini kuna vijinjia vya kukimbilia.

Kwale, yule ndugu mkubwa, hutaga chini vivyo hivyo, na kulalia kwake huchukua muda zaidi kidogo. Yeye hupenda ukingo: pale shamba linapokutana na kichaka, pale msitu unapokutana na nyasi. Kwenye pwani yetu ya kusini utamkuta yule mwenye ngozi nyekundu shingoni, na yule mdogo mwenye kishungi.

Mvua kubwa ya huku huwa kati ya Aprili na Juni. Ndipo nyasi zinapopanda na wadudu kujaa. Na ndipo pia mwenye ploti anapomwita kijana wa kufyeka, kwa sababu kumeota pori na majirani watasema. Umeliona tatizo? Msimu wa ndege kuzaa na msimu wa sisi kusafisha ni uleule.

Biashara ya kware iliyopasuka

Wengine wenu mtakumbuka, au mtawauliza wakubwa wenu, ile homa ya kware ya 2013 na 2014. Nchi nzima ilikuwa kware. Mayai yake yalisemwa kuwa dawa ya kila ugonjwa, bei ikapaa, watu wakachukua mikopo na kujenga vizimba. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likawakumbusha watu kwamba kufuga kware kunahitaji leseni. Kisha kila mtu akawa muuzaji na hakuna mnunuzi. Bei ikaanguka, vizimba vikabaki vitupu.

Ona kinaya chenyewe. Tulikuwa na kware kila mtaa, na bado yule wa porini hakufaidika na kitu. Wengi wa wale wa vizimbani walikuwa kware wa Kijapani, aliyefugwa vizazi na vizazi hata akasahau kulalia mayai yake vizuri. Ukimfungulia porini, ama ataliwa kabla ya jua kuchwa, ama atapeleka ugonjwa kwa wenzake, ama atachanganya damu na kware wa porini wa aina iliyo karibu naye. Kumbuka kinyonga wa Hawaii. Kumrudisha ndege porini si kununua ndege na kumwachilia. Ni kumrudishia mahali pa kutaga. Akishapata mahali, kware huja mwenyewe na mvua, kama alivyofanya tangu kabla ya Jackson.

Shamba ni la nani?

Hapa ndipo maisha ya Jackson na yako yanapokutana. Enzi zake, serikali ilidhani wanyama watalindwa kwa sheria za uwindaji na mapori ya akiba. Tunayo hayo. Shimba Hills imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968, na nyasi zake za juu ya vilima bado zina kwale. Uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ni kali: huruhusiwi kumtega wala kumuua ndege wa porini bila kibali. Lakini sehemu kubwa ya nyasi za Kwale haimo ndani ya hifadhi. Imo kwenye mashamba ya mnazi, ranchi, ploti za Diani zinazosubiri nyumba, na ardhi za ukoo kutoka Lunga Lunga hadi Shimoni. Yaani ni ya mtu. Labda ni ya mjomba wako. Labda kesho ni yako.

Na inawezekana. Mwaka 1995, wakulima wa Mwaluganje, jirani na Shimba Hills, walikubali kuunganisha mashamba yao yawe mahali pa ndovu, wakigawana mapato ya wageni. Haijakuwa njia rahisi, pesa za utalii hupanda na kushuka. Ila ilionyesha kwamba mwenye shamba wa Kwale anaweza kuamua kumpa mnyama nafasi bila kupoteza hati yake. Na ikiwa iliwezekana kwa ndovu anayemaliza mahindi usiku mmoja, kware anayekula mbegu za magugu na viwavi anakushinda nini?

Kazi yenyewe haina mambo makubwa. Kama nyumbani mna hata robo ekari, usifyeke yote kwa siku moja. Acha ukanda kando ya ua au mtaro bila kuguswa kuanzia mvua kubwa zinapoanza hadi Julai au Agosti. Kama ni lazima kufyeka, anzia katikati ukielekea pembeni, ili aliyejificha apate pa kukimbilia, wala usianze pembeni ukamzingira. Kama mnachoma shamba wakati wa kiangazi, chomeni kipande, mkiache kingine hadi mwaka ujao. Punguzeni dawa ya wadudu wakati wa vifaranga. Mbwa na paka wasizurure kwenye nyasi hizo. Mifugo ipite kwa zamu, isikae mahali pamoja hadi udongo ukawa upara.

Huna ardhi? Una sikio na simu. Kuna mradi uitwao Kenya Bird Map ambao umeigawa nchi katika viboksi vya takriban kilomita 9 kila upande, na mtu yeyote anayewajua ndege anaweza kutuma orodha ya aliowaona. Kware ni mgumu kumwona ila ni rahisi kumsikia, hasa machweo mvua ikiwa imeanza. Anza na wazee. Waulize kule Vanga, Majoreni, Kibuyuni au Wasini ni mwezi gani walikuwa wakiokota mayai ya kwale kichakani walipokuwa watoto, na ni wapi. Hayo ndiyo maarifa ambayo Jackson aliyakusanya kwa msaada wa watu wa hapa, akayaandika kwa Kiingereza, yakapelekwa London. Safari hii yanaweza kuandikwa na wewe, kwa lugha yako, na jina la aliyekwambia likabaki kwenye daftari.

Jackson aliwajua ndege wa nchi hii kuliko karibu kila mtu wa wakati wake, na hakuweza kuwaachia hata kipande kimoja cha nyasi, kwa sababu nyasi hazikuwa zake. Kampuni iliyomleta imekufa, serikali aliyoitumikia imeondoka, na ardhi ina majina mengine kwenye hati. Mvua za Aprili zitakuja na kware atazifuata. Kabla hujamwita kijana wa kufyeka, ngoja kidogo.